Nyumba ya Asiyetaka Kuonekana

Jioni, upepo unapotulia na mawimbi ya Ziwa Tanganyika kuacha kuupiga ufukwe wetu wa Mboko, mashariki mwa Kongo, yuko samaki anayetoa pua nje ya mchanga wa ziwa na kusubiri giza. Mwili hautoi. Hutoa pua tu, nyembamba, laini, yenye vijibomba viwili vya kunusia, ikipapasa maji kulia na kushoto. Apitaye juu yake kwa mtumbwi hamwoni. Avuaye ndakala, dagaa wetu, kwa taa hakutani naye, maana ndakala huifuata taa juu ya kilindi, na huyu hapandi huko. Anayemjua ni mtoto anayechokoa mawe ya ufukweni, au mzee aliyetega ndoano ya nyungunyungu kando ya mwamba na alfajiri akakuta kamba imeingia chini ya jiwe na haitoki. Akiivuta kwa subira hutoka kitu kirefu, chenye utelezi na madoa ya kahawia, kinachojisokota na kurudi kinyumenyume, na mgongoni mwake safu ya miiba mifupi inayochoma hata kiganja kilichozoea samaki wa kila aina.

Huyo ni mkunga wa miiba. Sokoni hana heshima kubwa. Masoko ya Mboko, Baraka na Uvira yanajua ndakala, mikebuka na sangala. Mkunga akipatikana huishia kwenye sufuria ya aliyemvua. Lakini wapo watu, mbali sana na hapa, wanaonunua kioo, pampu, mawe na mchanga ili waishi na samaki huyu mmoja ndani ya nyumba zao. Nimeitafakari sana nyumba hiyo ya kioo. Ni nyumba ngeni kwa namna yake, kwa sababu tangi la samaki hutengenezwa ili watu waone, na mkunga wa miiba anataka kinyume chake. Ukimjengea vizuri, siku nyingi utakuwa unatazama mchanga, mawe na maji. Ukimjengea vibaya utamwona kila saa, akihangaika kwenye kioo, akitafuta pa kuingia.

Tumjue kwanza mkazi. Jamii yake kwa lugha ya sayansi ni Mastacembelidae, na ina ndugu Afrika na Asia. Umbo ndilo linalomfanya aitwe mkunga, ila mkunga halisi wa mitoni huzaliwa baharini kisha huja bara. Huyu huzaliwa, huzaa na kufa katika maji baridi. Ziwa Tanganyika lina spishi zake zipatazo 15, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa na Brown na wenzake mwaka 2010 ulikadiria kwamba ukoo huu ulianza kugawanyika humu ziwani miaka ipatayo milioni 7 au 8 iliyopita. Wengine walibaki na mchanga, kama Mastacembelus cunningtoni, anayejizika hadi macho. Wengine waliingia kwenye mianya ya mawe, kama Mastacembelus micropectus, ambaye mapezi yake ya kifuani yamepungua mno. Na mwaka 2011 wanasayansi walimweleza mwingine, Mastacembelus apectoralis, asiye na mapezi hayo kabisa. Nikimfikiria huyo wa mwisho nasimama kidogo. Katika ufa mwembamba, kinachojitokeza ubavuni ni kizuizi. Vizazi vimeishi kati ya jiwe na jiwe mpaka mwili wenyewe ukakubali umbo la nyumba.

Majina yao mengine yamebeba habari za watu waliokuja kuuliza maswali hapa. John Moore, Mwingereza, alifika Tanganyika miaka ya 1890, akaona makombe ya konokono yanayofanana na ya baharini, akaamini ziwa hili lilikuwa mkono wa bahari uliokatika zamani. Aliitetea fikra hiyo katika kitabu alichotoa mwaka 1903. Baada yake akaja William Cunnington, mwaka 1904 na 1905, na kadiri viumbe vilivyochunguzwa zaidi ndivyo bahari ya Moore ilivyoyeyuka. Ziwa ni la bonde la ufa, la kale, lenye kina cha mita 1,470, na konokono wake wamejichongea wenyewe makombe yale. Lakini George Boulenger wa makumbusho ya London alikuwa amekwisha kumpa mkunga mmoja jina la Moore, Mastacembelus moorii, mwaka 1898, na mwingine akampa la Cunnington mwaka 1906. Mabishano yamekwisha, na wote wawili bado wamelala mchangani mwetu.

Sasa nyumba.

Mtoto wa kaka yangu alivuka ziwa hili akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma, kama wengi wa eneo letu la Fizi tangu kambi ile ilipofunguliwa mwaka 1996, na sasa anaishi Marekani. Siku moja aliingia duka la samaki wa mapambo akakuta ukuta mzima wa samaki wa Tanganyika. Juu ya vioo kulikuwa na majina ya mahali walikovuliwa, kwa kuwa wapenzi wa samaki hawa hutofautisha rangi ya samaki kwa kijiji au rasi yake: Pemba, Kiriza, Ubwari. Kijana aliyejua Ubwari kwa masimulizi tu, rasi ndefu tunayoiona ng'ambo ya maji tukitazama kusini, alilisoma jina hilo juu ya kioo huku nje theluji ikianguka. Akanitumia sauti kwa simu: "Baba mudogo, pale chini mbele ya kwetu, kuko muchanga ao kuko majiwe?"

Swali lile lilinifurahisha kuliko salamu zote za mwaka ule, kwa sababu alikuwa ameanza mahali panapostahili. Wengi huanza na samaki. Humwona, humpenda, humnunua, humtia ndani ya maji ya siku ileile, na baada ya wiki chache wanauliza kwa nini amekufa. Mkunga wa miiba anataka uanze chini. Kwake chini ndipo kitanda kilipo, na mlango, na maficho, na meza.

Nikamjibu kwamba kuko vyote viwili. Mbele ya kwetu mchanga unashuka taratibu, laini, wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na ukienda mbele kidogo unakutana na mawe yaliyopangana kwa nasibu, makubwa juu ya madogo, yenye mashimo ambayo mkono wa mtoto unaingia na wa mtu mzima unakwama. Hapo mchanga unapoishia na mawe yanapoanza ndipo pa kuiga. Mchanga uwe mwembamba, usio na ncha, wa kina cha sentimita nane hadi kumi. Changarawe za rangi zinazouzwa madukani zisikaribie. Magamba ya mkunga wa miiba ni madogo mno, na ngozi yake, anapochimba kwa kichwa, huchubuka kwenye changarawe. Mchubuko huo mdogo huingia vimelea na kuvu, na dawa nyingi za samaki, hasa zenye shaba, humuumiza yeye kabla hazijaumiza ugonjwa. Kwa hiyo kinga yake iko kwenye kuchagua mchanga.

Mawe nayo yana utaratibu wake, na hapa ndipo ningemsihi mtu anisikilize hata kama hatasikiliza mengine. Jiwe liwekwe kwanza, likae juu ya sakafu ya tangi lenyewe, juu ya ubao mwembamba wa plastiki ili kioo kisipasuke, kisha mchanga umwagwe kulizunguka. Ukimwaga mchanga kwanza halafu ukapanga mawe juu yake, umejenga bila msingi. Mkunga ataingia chini ya jiwe kubwa kuliko yote, atachimba usiku, mchanga utahama, na jiwe litamlalia. Ziwani mawe yale yamekaa tangu zamani na kila lililotaka kuanguka limekwisha kuanguka. Ndani ya nyumba wewe ndiwe unayeweka kilima kwa dakika kumi, na kinatakiwa kidumu kwa miaka.

Ukubwa nisiukawize. Mastacembelus moorii na jamaa zake wakubwa hukaribia nusu mita wakikua, na samaki wa chini huhesabu sakafu. Maji marefu ya kwenda juu hayamhusu sana. Tangi la urefu wa sentimita 150 na upana wa 60, kimo 45, linachukua lita kama 400. Chini ya hapo utakuwa unamfungia, na wale wadogo wanaouzwa wakiwa na urefu wa kidole wasimdanganye mtu.

Yaliyonichukua muda mrefu zaidi kumweleza ni maji. Aliyekulia kando ya ziwa hudhani maji ni maji. Tunayateka kwa bidoni, tunayachemsha, tunaoga, tunayanywa, wakati mwingine tunaugua kwayo kipindupindu ambacho pwani hii haijawahi kuachana nacho, na hatuyaulizi yametoka wapi. Mkunga anajua. Ngozi yake na matamvua yake vimetengenezwa kwa maji ya namna hii tu. pH ya Tanganyika iko karibu na 9, maji makali kwa upande wa alkali, yenye bikaboneti nyingi, na magnesiamu inayoishinda kalsiamu kwa mbali. Sehemu kubwa ya chumvi hizo inashuka na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu. Zamani maji ya huko yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zikasimama zikaziba njia, Kivu likajaa, na takriban miaka 10,000 iliyopita likafurika kuja kusini, kwetu. Kwa hiyo ndani ya kikombe cha maji ya Mboko umo moto wa Virunga uliopoa. Kijana wangu, katika mji ambao maji ya bomba yametoka kwenye theluji iliyoyeyuka na kutiwa klorini, alilazimika kwanza kuiondoa klorini, kisha kuongeza bikaboneti ya sodiamu na chumvi ya magnesiamu, kidogo kidogo, akipima. Aliniambia kwamba usiku ule alipoona kipimo kimegeuka rangi na kufikia 8.8 alihisi amepika kitu cha nyumbani. Namwamini.

Maji hayo ya alkali yana hatari yake, na vitabu vya samaki wa mapambo huipita upesi. Samaki anapokula hutoa amonia, mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia, na ndani ya maji amonia hukaa katika sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine huunguza matamvua. pH ndiyo inayogawa. Katika maji ya pH 7 yenye joto la nyuzi 25, sura ile ya sumu haifiki sehemu 1 katika 100. Katika maji ya pH 9, ni zaidi ya theluthi. Uchafu uleule ambao samaki wa maji laini angeuvumilia, huku unaua. Ziwa halilijui tatizo hili kwa sababu ya ukubwa wake: kilomita 673 za urefu, na bakteria wasiohesabika juu ya kila jiwe na kila chembe ya mchanga, wanaoigeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Ndani ya tangi bakteria hao hawapo mpaka waje, na hawaji kwa haraka. Inabidi uwashe chujio, utie chanzo kidogo cha amonia, halafu usubiri wiki nne, sita, pengine zaidi, ukiangalia amonia ikipanda na kushuka, nitriti ikipanda na kushuka, kabla ya kumleta yeyote mwenye uhai. Wiki zote hizo unatazama nyumba tupu yenye mawe mazuri.

Nadhani kusubiri huku ndiko kunakomtenganisha anayependa samaki na anayependa kumiliki. Nimeona picha za matangi ya kuvutia yaliyojengwa wikiendi moja. Sizipendi. Huwezi kumwalika mtu nyumbani kabla hujachimba choo, na tangi bila bakteria ni nyumba bila choo.

Yaliyobaki yanaenda upesi. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27, lisiloyumba, kwa kuwa ziwa lenyewe haliyumbi sana. Hewa iwe nyingi. Mdomo wa chujio ufunikwe sifongo, la sivyo pua ile ndefu itanyonywa. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji mapya yawe yametengenezwa na kupimwa kabla. Kifuniko kizibe kila tundu, hata lile la kupitisha waya na mpira wa hewa, kwa maana samaki wa mianya hujaribu kila mwanya, na mwanya wa juu humtupa sakafuni usiku, na asubuhi amekauka. Chakula ni nyungunyungu, viluwiluwi vya mbu, uduvi. Chakula kikavu cha kopo hukikataa, na mwenye subira humzoesha mpaka achukue mnyoo kutoka kwenye vidole. Wenzake wawe wa kuogelea katikati ya maji, wapole, wasioweza kumezwa. Samaki mdogo wa kulala chini ataliwa, na moorii hasa ni mla samaki asiyeona haya. Taa iwe hafifu. Kijana aliuliza kuhusu taa mara nyingi, maana alitaka kumwona, na kila mara nilimjibu kwamba taa ni ya kwake yeye, na samaki hana haja nayo.

Kisha nikaanza kujiuliza mimi niliyeko hapa. Je, mtoto wa Mboko afanye nini na habari hizi zote? Maji sahihi yako mlangoni, bure. Mchanga sahihi uko chini ya miguu yake. Umeme ndio haba, ingawa paneli ndogo ya jua na betri huendesha pampu ya hewa bila shida. Nilifikiri kuhusu shule: tangi moja darasani, mkunga mmoja, watoto wajifunze kwamba samaki ni zaidi ya kitoweo. Nimeliacha wazo hilo, na sababu yangu ni kwamba kwetu kioo kinapaswa kuwekwa upande mwingine. Fundi achukue ndoo, akate kitako, abandike kioo kwa silikoni, na mtoto aliyekaa katika mtumbwi pamoja na mkubwa wake aisukume ndoo hiyo kidogo ndani ya maji, achungulie. Mng'ao wa juu unapotea na sakafu inaonekana, mawe, nyufa, samaki wanaolinda mayai yao, na saa za jioni, akiwa na bahati, pua mchangani. Samaki anabaki kwake. Anayehama ni jicho.

Nasema hivi pia kwa sababu sakafu ile inabadilika na hatuioni ikibadilika. Mvua zikinyesha juu ya milima ya Itombwe na miteremko iliyokatwa miti kwa makaa na mashamba ya muhogo, mito yetu hushuka ikiwa myekundu, na ufukwe hukaa siku kadhaa una rangi ya udongo. Tunasubiri maji yatakate, nayo hutakata. Udongo haukwenda mbali. Umetua kati ya mawe. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za ziwa zilizo mbele ya miteremko yenye msitu na zile zilizo mbele ya miteremko iliyovuliwa nguo, na palipotua udongo mwingi waliona aina chache za viumbe. Anayemjengea mkunga tangi hahitaji kuelezwa sababu. Ndani ya tangi, mabaki yakijaa chini ya mawe, mianya huziba, maji yaliyotuama humo huoza, na mkunga hutoka mchana kweupe akizungukazunguka. Mwenye tangi huchukua mpira, huyavuta mabaki hayo, hupanga mawe upya. Mbele ya Mboko hakuna wa kuvuta mpira. Miti ya juu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo kwa kutoruhusu udongo ushuke, na wanaouza makaa barabarani kati ya Uvira na Baraka ni majirani zangu wenye watoto wanaokula kila siku. Siwezi kuwahutubia. Naweza kuwaonyesha ndani ya ndoo.

Na ziwa limepanda. Mwaka 2020 na 2021, kisha tena 2024, maji yaliingia mitaa ya Bujumbura, Uvira na Baraka, na pwani yetu nayo ilipoteza vyumba, vyoo na minazi. Zipo kuta ambazo sasa zimesimama ndani ya maji. Nimepita juu yake kwa mtumbwi siku ya utulivu, nikaona matofali yaliyoporomoka, msingi wa mawe uliotengana, na samaki wadogo wakiingia na kutoka palipokuwa mlango. Mkunga sikumwona, na hilo haliniambii kwamba hayupo. Mwenye nyumba ile anaishi kwa ndugu zake, upande wa juu wa barabara, na hakuna furaha katika kumweleza kwamba msingi wake umepata wapangaji. Lakini nilipokuwa nikimwandikia kijana wa Marekani jinsi ya kupanga mawe, kubwa juu ya dogo, mwanya wa upana wa vidole viwili, niligundua kwamba nilikuwa nikieleza ukuta ule.

Yapo mambo mawili ambayo sijamalizana na kijana wangu.

La kwanza ni kwamba samaki huyu amevuliwa. Wakunga wa miiba wa Tanganyika wanaozaliwa ndani ya matangi ni wachache sana, kwa hiyo karibu kila mmoja anayeuzwa huko aliishi kwanza huku, chini ya jiwe fulani, akatolewa na mzamiaji, akapandishwa ndege. Biashara hiyo ina historia. Pierre Brichard, Mbelgiji, aliijenga kutoka Bujumbura, na vitabu vyake vya 1978 na 1989 bado husomwa na wapenzi wa samaki hawa. Ilileta ajira kwa wazamiaji na ilileta elimu kuhusu mawe yetu ambayo sisi wenyewe hatukuwa nayo. Siilaani. Nimemwomba tu asinunue wawili pale mmoja anapotosha, na amuulize muuzaji samaki alivuliwa wapi na amefika lini, na kama ameshaanza kula. Mkunga aliyekonda mgongo, mwenye tumbo lililoingia ndani, mara nyingi harudi katika hali yake. Asimnunue kwa huruma, kwani nafasi yake dukani itajazwa na mwingine kutoka ziwani.

La pili alilianzisha yeye. Alisema kwamba siku atakayorudi kutembea Mboko angependa kumleta samaki, amwachie majini. Nilimkatalia, na kwa sauti kali kuliko nilivyokusudia. Samaki aliyekaa miaka katika tangi amekaa na maji ya samaki wa mabara mengine, vimelea vyao, bakteria zao, na ziwa lililojitenga kwa muda mrefu hivi halipaswi kupokea zawadi ya namna hiyo. Wala asimwachie katika mto wowote wa huko. Tangi likishaanza, ndilo makao ya mkunga mpaka kufa kwake, na wakubwa wakitunzwa vizuri huweza kupita miaka kumi. Alinyamaza, kisha akauliza, kwa hiyo yeye harudi? Nikasema harudi. Wewe unarudi wakati wowote unaotaka, yeye harudi, kwa hiyo fikiri kabla hujamchukua.

Naona alifikiri, maana ujumbe uliofuata haukuhusu samaki kabisa. Anaishi orofa ya tatu katika nyumba ya kupanga. Lita 400 za maji ni kilo 400, na ukiongeza mawe, mchanga, kioo na meza ya chuma umepita nusu tani, yote juu ya sakafu ya mbao. Amekwenda kumuuliza mwenye nyumba. Mwenye nyumba hana shida na samaki, ila hataki tangi huko juu, na chumba cha chini kitakuwa wazi mwezi wa tatu. Mpaka wakati huo mawe ameyaosha na kuyapanga sakafuni jikoni, bila maji, na kila baada ya siku chache ananitumia picha akiuliza kama ule mwanya wa kushoto si mpana mno. Nimemwambia aupunguze.